Dokta wa Karema hakurudi kwao

Jumamosi saa tisa mchana huwa tunakaa na vijana chini ya mwembe, nyuma ya kanisa letu hapa Nyarugusu. Tunaimba kidogo, tunasoma Biblia kidogo, halafu tunabishana sana. Kubishana ndiko kunakowaleta wengi, tusidanganyane. Mwaka jana, wiki mbili baada ya Pasaka, kijana mmoja wa miaka 19 alinyoosha mkono akasema:

"Kaka, kila siku mnatuhubiria habari za Waisraeli. Walitoka Misri wakafika Kanaani. Walipelekwa Babeli wakarudi. Sawa. Sasa nitajie mtu mmoja tu, Mwafrika, wa huku kwenye ziwa letu, aliyeng'olewa kwao kwa nguvu, asirudi tena, asiende Amerika pia, na bado akaishi na tumaini. Mmoja tu, nitaamini."

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka kwa sababu nilikuwa sina jibu. Nikafunga kikao kwa maombi marefu, na wenye akili walijua kwamba ninakimbia swali.

Nimezaliwa hapa. Kambi ilifunguliwa mwaka 1996, wazazi wangu wakavuka ziwa kutoka Fizi mwaka huo huo, mimi nikazaliwa mwaka uliofuata. Kongo ninaijua kwa midomo ya watu. Sekondari nimesoma hapa hapa, kwa mtaala wa Kongo, nikafundishwa mito na majimbo ya nchi ambayo sijaikanyaga. Kwa hiyo lile swali halikuwa la kijana yule peke yake.

Aliyenipa jibu ni mzee mmoja katekista wa Kikatoliki, jirani yetu, mtu wa upande wa Moba. Mimi si Mkatoliki, sisi ni walokole, na kwa kawaida hatukai kwenye benchi moja na makatekista. Lakini nilimpelekea swali kama lilivyo. Akavuta kiti, akasema: "Mwanangu, nyinyi hamjui habari za Dokta Adriano?"

Nilikuwa sizijui. Tangu siku hiyo nimesoma kila karatasi niliyoweza kuipata juu yake, na hii makala ndiyo niliyoyatoa humo. Lakini kwanza turudi nyuma, maana bila kujua ziwa lilikuwaje wakati ule, habari ya Adriano itaonekana kama hadithi ya watakatifu, na mimi sitaki kuandika hadithi ya watakatifu.

Miaka ya 1870 na 1880 Ziwa Tanganyika lilikuwa barabara ya watumwa. Misafara ilitoka Manyema, nchi ya Kasongo na Nyangwe, ikashuka ziwani, ikavuka kwa mitumbwi mpaka Ujiji, kisha Tabora, kisha Bagamoyo, baharini. Mwaka 1871, mwezi wa saba, Livingstone alikuwa Nyangwe siku watu wa wafanyabiashara walipofyatua bunduki katikati ya soko, na wanawake waliokuja kuuza vyakula wakajitupa mtoni wakafa mamia. Miezi michache baadaye, akiwa amechoka na mgonjwa, ndipo Stanley akamkuta Ujiji. Watoto wa shule wanaijua hiyo salamu ya Stanley, lakini soko la Nyangwe hawalijui. Mimi naona ingekuwa afadhali kinyume chake.

Baada ya hapo kaskazini mwa ziwa ikawa mikononi mwa Rumaliza, aliyekaa Ujiji na watu wake wakitamba mpaka Uvira na Ubwari. Ubwari ndiko kwetu. Bibi yangu alikuwa akituimbia wimbo wa kulaza mtoto ambamo mama anamnyamazisha mwanae ili wapita njia wasimsikie. Nilipokuwa mdogo nilidhani wapita njia ni askari wa mwaka 1996. Kumbe bibi naye aliimbiwa na bibi yake.

Mwaka 1879 wakaingia Ujiji Wamisionari wa Afrika, wale ambao wazee wanawaita Mapadri Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Walitumwa na Lavigerie, askofu wa Algiers aliyekuja kuwa kardinali. Kazi yao ya kwanza, kabla hata ya kuhubiri vizuri, ilikuwa kununua watoto. Ndiyo, kununua. Walikwenda pale mtumwa alipouzwa, wakatoa nguo au shanga, wakamchukua mtoto. Rumonge, upande wa Burundi, mwaka 1881 ugomvi uliohusu mtoto mmoja wa namna hiyo uliwagharimu wamisionari watatu maisha yao. Mwaka 1883 wakafungua kituo Kibanga, pale Ubwari, wakajenga kijiji cha hao waliokombolewa. Mkristo wa Fizi akikwambia Ukristo kwao ulianza na wachungaji wa kizungu, mwambie ulianza pia na watoto ambao hakuna aliyejua mama zao wako wapi.

Hapa nataka tusimame kwenye neno moja. Kanisani tunaimba kila siku kwamba tumekombolewa. Lakini nje ya kanisa, ukiweka simu yako dukani kama rehani, siku ukipata hela unakwenda kufanya nini? Kuikomboa. Ni neno la pesa. Watoto wa Kibanga walilijua hivyo, maana waliona nguo ikihesabiwa mbele ya macho yao. Na kama vile simu haiulizwi inataka kurudi kwa nani, wao pia hawakuulizwa. Walipewa jina jipya, kijiji kipya, kengele ya kuamka na kengele ya kulala, na walipokua walichaguliwa hata wenzi wa ndoa. Mzee katekista hakufurahi niliposema hivyo. Alisema: "Ungependa waachwe sokoni?" Hapana, nisingependa. Lakini mtu aliyeishi kwenye kambi anajua kwamba kuokolewa na kuamuliwa kila kitu vinaweza kuja kwenye gari moja.

Sasa Adriano. Atiman ndilo jina lake la utoto. Alizaliwa karibu mwaka 1866 kando ya mto Niger, upande wa Timbuktu, nchi ambayo leo ni Mali. Angalieni ramani: ni mbali sana na ziwa letu. Akiwa mtoto mdogo alikamatwa na Watuareg, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa, akafika Algeria. Huko mapadri wakamnunua. Akabatizwa mwaka 1882 akaitwa Adriano. Kisha akapelekwa Malta, kisiwa kidogo katikati ya bahari, chini ya Italia, ambako Lavigerie alikuwa amefungua nyumba ya kuwasomesha utabibu vijana wa Kiafrika waliokombolewa. Mawazo ya kardinali yalikuwa hivi: Wazungu wanakufa haraka kwa homa huko Afrika ya kati, basi tuwatume Waafrika, wawe matabibu na makatekista kwa pamoja. Kwamba kijana wa Timbuktu akiwa Tanganyika ni mgeni sawasawa na Mzungu, hilo sidhani kama lilimsumbua mtu. Mwafrika ni Mwafrika, mpeleke popote. Hata leo kuna maofisi yanafikiri hivyo.

Alimaliza masomo, na mwaka 1888 akatumwa. Alifika Zanzibar, akavuka bara, akaanza kutembea na msafara. Huo ndio mwaka vita vya Abushiri vilipowaka pwani. Fikirieni njia aliyopita: ni ile ile ya watumwa, ila yeye anaitembea kwa kurudi nyuma, kutoka baharini kwenda ziwani, kijana wa miaka 22 hivi, na kwapani ana dawa. Mtoto aliyevushwa jangwa kwa kamba sasa anatembea kuelekea kule kamba zinakotoka. Mwaka 1889 akafika Karema.

Karema ilikuwa ngome iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, wakawaachia mapadri mwaka 1885. Niseme ukweli kuhusu ngome hiyo pia. Mmoja wa waliokuwa wakuu wake, Émile Storms, ndiye aliyewatuma watu wake mwaka 1884 kumshambulia chifu Lusinga ng'ambo ya pili, upande wa Marungu. Lusinga aliuawa, kichwa kikakatwa, na fuvu lake likasafirishwa mpaka Ubelgiji. Lusinga mwenyewe alikuwa akiwateka watu na kuwauza, sisemi alikuwa mwema. Nasema tu kwamba kuta ambazo ndani yake Adriano alifungua sanduku lake la dawa hazikuwa kuta safi.

Akakaa hapo. Nilipofika sehemu hii ya habari zake nilirudia kusoma mara mbili, nikitafuta safari inayofuata, maana mpaka hapo ameshahamishwa kutoka Niger mpaka Sahara, Algeria, Malta, Zanzibar. Safari inayofuata haipo. Alikaa Karema miaka 67. Alifika wakati wa misafara ya watumwa, akawaona Wajerumani wakija na wakishindwa, akawaona Waingereza, akafariki tarehe 24 Aprili 1956, miaka mitano kabla Tanganyika haijapata uhuru. Alitibu homa na vidonda, alifundisha katekisimu, alijifunza lugha ya watu na dawa zao za miti, akazitumia pamoja na zile za Malta. Alioa pale pale, mwanamke aliyeitwa Agnes, wa ukoo wa kichifu wa Wabende. Mtoto wao Joseph akawa padri. Yaani mtoto wa mtoto aliyeuzwa alisimama altareni akawaombea wenyeji. Huko Dar es Salaam kuna nyumba ya zamani ya wamisionari inayoitwa mpaka leo Atiman House, na wengi wanaopita mbele yake nadhani wanaona ni jina la tajiri fulani wa Kihindi.

Timbuktu hakurudi.

Nilikaa na hilo jambo siku kadhaa. Wahubiri wetu hapa kambini wanapenda Yeremia sura ya 29, mstari wa 11. Umeandikwa kwenye milango, kwenye baiskeli za mizigo, kwenye makava ya simu. Mimi mwenyewe nimeuhubiri, labda mara 20. Lakini ile sura ni barua, na barua haianzi na mstari wa 11. Mistari ya juu yake inawaambia wale mateka wa Babeli wajenge nyumba, walime bustani, waoe na kuozesha, wauombee mema mji ule ule uliowashika. Na mstari wa 10 unataja miaka 70. Ukiwa na miaka 30 siku barua inasomwa, hesabu mwenyewe. Waliosikia ile barua kwa masikio yao, wengi wao walizikwa Babeli. Kwa hiyo hata yule kijana hakuwa sahihi aliposema Waisraeli walirudi. Waliorudi ni wajukuu.

Hapa lazima niseme jambo langu, la sivyo nitakuwa nawahubiria wenzangu tu. Mimi nina kesi ya kwenda nje tangu mwaka 2016. Nimefanya intavyuu mbili. Mwaka 2018 nilikuwa na mchumba, binti wa zoni ya jirani, na wazee wa pande zote mbili walikuwa wameshakaa na kuongea mahari. Watu wakaniambia: ukioa sasa, faili lako litafunguliwa upya, itabidi aongezwe, mtarudi mwisho wa foleni. Nikamwambia tungoje kidogo. "Kidogo" hiyo ikawa miaka mitatu. Siku moja akaniambia, bila hasira hata, "Wewe umeshaoa faili." Sasa hivi ana mtoto wa pili na mume wake ni fundi baiskeli sokoni. Akinisalimia ananiita mwalimu.

Nilidhani nilichokuwa nacho miaka ile ni tumaini. Nilikuwa nafunga na kuomba kwa ajili yake. Nikimwangalia Adriano naona mtu aliyekuwa na sababu zote za kukaa mlangoni na mzigo umefungwa, akingoja kutumwa tena, maana maisha yake yote aliamuliwa na wengine. Na yeye akafungua mzigo. Akaoa binti wa Wabende, mtu ambaye lugha yake alikuwa hajui hata neno moja alipofika. Sijui kama kuna imani kubwa kuliko hiyo, kwa mtu aliyeng'olewa.

Na jambo jingine, ambalo sisi walokole huwa tunaliruka haraka. Yesu alipofufuka alikuwa na makovu. Tomaso aliambiwa aguse. Mungu angeshindwa nini kuyafuta usiku ule? Lakini aliyaacha. Wengi wetu tunaomba upya wa namna ya kufuta: niamke siku moja niwe mtu ambaye haikumtokea ile ya Fizi, au ile ya njiani, au ile ya ziwani. Adriano mzee aliyasimulia maisha yake, yakachapwa, na humo kutekwa na kuuzwa kumo. Hakuona haya kusema kwamba aliwahi kuwa na bei.

Basi Jumamosi moja nikawapelekea vijana jibu. Nilifurahi kweli, nilidhani watashangilia. Dada mmoja, anayesaidia kufundisha watoto wadogo, akainuka.

"Mwalimu, huyo Adriano alikuwa na kazi. Alipewa dawa akaambiwa tibu. Alioa, akajenga, akazunguka kwa wagonjwa anapotaka. Mimi nikitaka kwenda Kasulu kununua kitambaa cha kushona nahitaji kibali. Ukinipa mkasi halafu ukanifunga mikono, usiniambie habari za fundi cherehani."

Nikanyamaza. Ana haki. Barua ya Yeremia inasema walime bustani, na pale kwetu bustani ni hatua nne kati ya nyumba na nyumba. Sikutaka kumpa jibu la haraka la kidini, nimeshayachoka hayo, na yeye pia. Nilimwambia tu kwamba ni kweli, na kwamba mtu akitumia habari ya Adriano kutuambia tunyamaze na kuridhika, huyo hakuisoma. Adriano hakuridhika na utumwa. Alitumia siku zake zote upande wa waliokimbia utumwa.

Mwingine akasema: "Lakini Karema hakuichagua."

"Na Nyarugusu nani aliichagua?" yule dada akajibu, na watu wakacheka tena, na safari hii nami nilicheka.

Kilichofuata sikukipanga. Kijana wa miaka 19, yule wa lile swali, alikuwa kimya muda wote. Watu walipoanza kuondoka akaokota kijiti, akaniomba nimwonyeshe hiyo njia. Tukachora chini, kwenye vumbi: Niger, jangwa, Algeria, Malta, Zanzibar, Tabora, Karema. Ziwa akalichora yeye, refu kama samaki. Akaweka Ubwari upande huu, Kigoma upande huu, halafu akaweka nukta ya Nyarugusu. Akaipima kwa vidole kutoka kwenye nukta mpaka Karema.

"Kumbe ni karibu," akasema.

Ni karibu. Meli ya Liemba, ile iliyowachukua Warundi kutoka Kagunga mwaka 2015 wakaletwa mpaka huku kwetu, ilikuwa ikisimama Karema katika safari zake za kusini. Mimi sijafika. Siku nikipata kibali ningependa kwenda.

Akauliza kama kulikuwa na wengine. Nikamwambia wapo, kuna Stefano Kaoze, wa Marungu, mtoto wa ng'ambo yetu kabisa, aliyekuwa padri wa kwanza wa Kongo, mwaka 1917, aliyekua miongoni mwa hao hao watu wa vijiji vya misheni. Nchi ile ile ya Lusinga. Akaniomba karatasi za Kaoze akasome nyumbani.

Nimempa. Jumamosi ijayo ataongoza yeye kikao, na amesema kila mtu aje na kalamu. Yule dada ameshaniambia ana maswali matatu.